Septemba Si Mwezi wa Kupanda Miti, Mchungaji

Wasee, hii posti itaudhi watu wawili watatu wa kwaya, lakini acha niseme tu.

Kila mwaka, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 4, makanisa mengi duniani yanakuwa na Msimu wa Uumbaji. Wakatoliki wamo, Waanglikana wamo, Walutheri na Wapresbiteri pia wamo. Watu wanamshukuru Mungu kwa mito, milima, ndege na udongo, na wanaombea vile tumeviharibu. Hata hapa kwetu Ngoingwa imefika. Kitambaa cha kijani kwa madhabahu, watoto wa sande skuli wamechora simba na jua kwa makaratasi, kwaya imejifunza wimbo mpya. Ibada ikiisha, mchungaji anatoka nje na wazee wa kanisa, anashika jembe jipya, anapanda mti. Picha. Makofi. Soda. Kila mtu nyumbani.

Mimi naupenda huo msimu, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Shida yangu ni hilo jembe. Nani alisema mti upandwe Septemba, hapa Thika?

Angalia nje. Baridi ya Julai imeisha, jua limerudi na hasira zote, udongo mwekundu umekauka kama tofali, na kila kiatu cheupe mtaani kimebadilika rangi. Mvua ya vuli inakuja Oktoba ikiwa imeamua kuwa na huruma, halafu inashika Novemba. Kwa hivyo mche uliopandwa Jumapili ya kwanza ya Septemba unakaa wiki sita hivi ukingoja maji ambayo hakuna mtu amepangiwa kuleta. Hiyo si sherehe ya uumbaji. Hayo ni mazishi yenye kwaya.

Tarehe zenyewe zina historia, na si ya hapa. Mwaka 1989 Patriarki Dimitrios wa Kwanza wa Kanisa la Kiorthodoksi alitangaza Septemba 1 kuwa siku ya kuombea uumbaji, kwa sababu huo ndio mwanzo wa mwaka katika kalenda ya kanisa lao. Oktoba 4 ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, yule aliyewaita jua na mwezi ndugu. Mwaka 2015 Papa Fransisko naye akaiweka Septemba 1 kuwa siku ya maombi hayo kwa Wakatoliki. Kwa kuomba, tarehe hizo ziko sawa popote ulipo. Lakini mvua ya Thika haijawahi kusoma kalenda ya liturujia.

Na kuna kitu watu wamesahau. Huyo huyo Papa alikuja Kenya Novemba 2015, miezi michache baada ya kuandika waraka wake wa mazingira, Laudato Si'. Alisomea misa kwa uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mnakumbuka hali ya hewa siku hiyo? Mvua. Watu walisimama kwa matope na miamvuli. Siku hiyo hiyo alienda Gigiri, makao ya Umoja wa Mataifa, na akapanda mti. Novemba, kwa mvua. Sijui kama ilipangwa hivyo, lakini kama tunataka kumwiga, tumwige mpaka kwa mwezi.

SASA KWA NINI NAWASUMBUA WATU WA KANISA?

Kwa sababu ni wao wamebaki na ardhi. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, kama una haraka unaweza kuishia hapa.

Kama umekulia kati ya Ruiru na Thika unajua venye mambo yalienda. Hizi sehemu zilikuwa kahawa. Kuna aina ya kahawa inapandwa nchi nzima inaitwa Ruiru 11, na jina lilitoka hapo tu kwa kituo cha utafiti. Leo mashamba makubwa yamekatwa ploti. Tatu City yenyewe imesimama kwa shamba la kahawa. Huku Ngoingwa, upande wa barabara ya Mang'u, ploti ni hamsini kwa mia, na mwenye ploti akijenga anajenga mpaka mwisho wa bikoni. Simlaumu. Kodi ni kodi. Lakini mti utasimama wapi? Kwa balkoni?

Serikali ilisema mwisho wa 2022 kwamba tutapanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii: tuko kama milioni 50, hiyo ni miti 30 kwa kila mtu kila mwaka, miaka kumi. Kanisa la watu 400 linadaiwa miti 12,000 kwa mwaka. Mpangaji wa bedsita Ngoingwa atapanda 30 zake wapi? Ndiyo maana siku ya kitaifa ya kupanda miti, Novemba 13, 2023, wengi wetu tulilala tu. Si uvivu peke yake. Hatukuwa na mahali.

Kanisa lina mahali. Lina kiwanja. Lina watu wanaokuja kila wiki bila kulipwa. Lina maikrofoni. Lina kamati ya kila kitu, hadi kamati ya kuchagua rangi ya tisheti za kamati. Na lina kitu adimu kabisa siku hizi, subira: kanisa hupanga kuwa hapo miaka mia ijayo. Hakuna kampuni inapanga hivyo, na mwanasiasa hupanga miaka mitano. Mti mkubwa unataka mwenyeji wa aina hiyo.

Halafu kanisa linafanya nini na hicho kiwanja? Linamwaga kabro.

Naelewa kabro. Matope ya Ngoingwa mvua ikishika si mchezo, na mama amevaa viatu vya harusi. Lakini tumeanza kufikiria kwamba kanisa lililobarikiwa ni lile halina udongo hata kidogo. Ukuta hadi ukuta, kabro. Maji yakinyesha hayana pa kuingia, yanakimbia barabarani, yanabeba takataka zote za mtaa, yanaishia mtoni. Na mito yetu hapa si ya utani. Mto Thika na Chania inakutana pale karibu na Blue Posts, kisha maji yanaendelea hadi Tana. Juu huko Gatanga kuna bwawa la Ndakaini, ambalo linashika maji mita za ujazo milioni 70, na Nairobi inakunywa kutoka hapo. Tunaishi katikati ya mabomba ya nchi hii, na bado kila mtaa una mama anasukuma mkokoteni wa mitungi.

WALIOFANYA, NA HAWAKUWA MALAIKA

Mtu ataniambia hizi ni ndoto za mtu wa mtandao. Sawa. Twende kwa mifano.

Wa kwanza uko kaunti hii yetu ya Kiambu, Tigoni, karibu na Limuru. Kuna kituo cha mikutano kinaitwa Brackenhurst, kilichoanzishwa na Wabaptisti. Zamani kiwanja chao kilijaa mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Zaidi ya miaka 20 iliyopita wakaanza kuitoa kidogo kidogo na kurudisha miti ya asili. Leo ni msitu, na ndege wamerudi. Hawakupanda siku moja wakapiga picha. Walikata, wakapanda, wakapalilia, mwaka baada ya mwaka, hadi ikawa kazi ya kawaida kama kufagia.

Wa pili ni Ethiopia. Nyanda za juu za kaskazini zimefyekwa kwa mashamba na malisho. Ukiziangalia kwa picha za setilaiti utaona kahawia, kahawia, kahawia, halafu kidoti cha kijani. Zoom ndani ya kidoti: katikati kuna kanisa la Kiorthodoksi. Ziko maelfu. Waumini wanaamini kanisa bila miti ni kama mtu bila nguo, kwa hivyo hawajaikata kwa karne nyingi. Ng'ombe walipoanza kuingia na kula miche, mwanaikolojia wa huko, Alemayehu Wassie, akakaa na makasisi, na jamii zikajenga kuta za mawe kuzunguka misitu. Mawe yenyewe yalitolewa kwa mashamba ya wakulima, kwa hivyo hata mkulima alifaidi. Mwanasayansi na kasisi, meza moja. Wala hakuna aliyemwambia mwenzake aache anachoamini.

Wa tatu ni jirani. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT Tanzania, alijulikana kama askofu wa miti kwa sababu ya kazi yake Kilimanjaro. Huko kwao, kijana akitaka kipaimara anapanda miti. Imewekwa pamoja na mafundisho, kama kukariri Sala ya Bwana. Nilipoisikia hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ni akili sana: mti umefanywa kuwa wa mtoto fulani mwenye jina, na mtoto atapita hapo miaka kumi ijayo kuuangalia.

Na sisi tuna Wangari Maathai. Alisomeshwa na watawa, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapata Nobeli 2004, na akafariki Septemba 25, 2011, katikati ya huu msimu tunaouzungumzia. Hata jeneza lake halikuwa la mbao: lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Huyo aliishi alichosema hadi kwa sanduku. Kama kanisa lako lina Msimu wa Uumbaji na Septemba 25 inapita bila jina lake kutajwa, mmesherehekea nini?

"KANISA NI LA ROHO, SI LA MITI"

Hii naisikia sana, na nataka kuijibu kwa heshima kwa sababu wanaoisema wengi ni wazazi wetu.

Kuna wanaoogopa kwamba ukianza kuimba kuhusu mito na milima, umerudi kuabudu miti. Hiyo hofu ina mizizi hapa Thika. Babu zetu waliomba chini ya mugumo wakiangalia Kirinyaga. Na mugumo wa Thika una hadithi yake: Mugo wa Kibiro alitabiri kwamba siku utakapoanguka, utawala wa mzungu utaisha, na simulizi inasema ulianguka 1963. Wamisheni walipokuja waliwafundisha watu kwamba Mungu hayuko mlimani wala mtini, yuko ndani ya nyumba yenye msalaba. Wangari aliandika kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa sababu ni mti wa Mungu. Akarudi kutoka masomoni, mugumo umekatwa, kijito alichochezea kimekauka.

Sisemi turudi kuchinja mbuzi chini ya mti. Nasema hivi: mtu aliyeamini mti ni wa Mungu hakuukata. Sisi tunaoamini Mungu ndiye aliyeuumba, mbona tunaukata haraka hivyo? Mwanzo sura ya pili haisemi Adamu aliwekwa kwa bustani apige selfi. Aliwekwa ailime na kuitunza. Ni kazi ya kwanza kabisa kutajwa, kabla ya dhambi, kabla ya sadaka, kabla ya kamati ya ujenzi. Na msiniambie makanisa hayajui kupanda. Neno "panda mbegu" nalisikia kila Jumapili, ila mbegu yenyewe huishia kwa nambari ya M-Pesa.

Tena madhabahu tayari inaongea kuhusu miti, tusijidanganye. Julai 2, 2023, Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku ya kukata miti iliyokuwa imedumu tangu 2018. Alitangaza wapi? Kwa ibada, Molo. Alisema ni miti ya biashara iliyokomaa, inaozea msituni, na vijana wanataka kazi. Unaweza kukubali ama ukatae. Mambo yalifika kortini. Lakini kama mwanasiasa anaweza kutumia ibada kufungua msumeno, waumini wanaweza kutumia ibada hiyo hiyo kuuliza msumeno unaenda wapi.

Na kanisa likiamua, linaweza kubadilika. 2024 vijana walipiga kelele kuhusu pesa za wanasiasa madhabahuni, na Novemba mwaka huo Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha mchango wa Rais uliotolewa kanisa la Soweto. Miaka miwili kabla ya hapo ungeniambia hiyo itatokea ningekuuliza umekunywa nini.

BASI TUFANYE NINI

Sipendi watu wa kulalamika tu, kwa hivyo huu ndio mpango. Hauhitaji mfadhili.

Septemba: imbeni, ombeni, fundisheni. Hubirini kuhusu mto Chania kwa jina. Halafu badala ya kupanda, chimbeni mashimo, jazeni samadi, tandazeni majani makavu. Anzeni kitalu nyuma ya kanisa. Mukinduri, muringa, mwiri, miti ya huku. Mkaratusi kando ya mto hapana, unakunywa kuliko mgeni wa harusi.

Septemba pia: mabati. Paa la kanisa la mita 20 kwa 15 likinyeshewa milimita 10 tu, hizo ni lita 3,000. Mvua moja ya kawaida. Gata na tangi zinagharimu pesa, najua, lakini spika mpya pia ziligharimu, na majirani hawajawahi kuziombea zaidi.

Novemba: udongo ukishalowa, pandeni. Kila mti na jina la mtu. Si "Kikundi cha Vijana." Jina. Darasa la kipaimara, ubatizo, harusi. Mmefunga ndoa hapa? Mti wenu ndio ule, na ukikauka tutawaombea kwa njia mbili.

Januari na Februari: hapa ndipo miti hufa, na hapa ndipo picha huwa hazipo. Wekeni zamu ya maji kama zamu ya kufagia kanisa. Chupa za maji za harusi, zile ndogo ndogo zinazoachwa nusu chini ya viti, zikusanyeni na mzimwage kwa miche.

Septemba inayofuata: hesabuni iliyo hai. Isomwe kwa matangazo, pale pale inaposomwa sadaka. "Tulipanda 60, hai ni 41." Hiyo namba ya 41 ndiyo sherehe. Serikali hutuambia iliyopandwa, na hakuna anayetuambia iliyobaki. Kanisa likianza kusoma namba ya kweli mbele ya watu, litakuwa limehubiri kuliko mabango yote.

Na kiwanja kikijaa, tokeni nje. Shule jirani, kando ya barabara, ukingo wa mto. Kanuni za nchi zinataka kati ya mita 6 na 30 za ukingo ziachwe wazi. Nani anaangalia? Kwaya inaweza kuangalia.

KWETU SISI VIJANA

Mwisho ni kwetu, kwa sababu ni rahisi kumsema mchungaji na kunyamaza kuhusu mbogi.

Wengi wetu tuliacha kanisa tukasema ni unafiki. Mimi bado huingia ibada ya pili, nakaa kiti cha nyuma, mara nyingine nashuka kwa simu. Lakini niambie ukweli: ni wapi tena mtaani kwetu watu 400 wa umri tofauti wanakaa pamoja kila wiki, wana ardhi, na wanaamini kwamba dunia si yao, wameachiwa tu waishike? Hakuna. Ukitaka kubadilisha hali ya hewa ya Ngoingwa, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama hukubaliani na kila neno la mahubiri.

Kwa hivyo usingoje ualikwe. Jumapili hii mtafute mwenyekiti wa vijana, ama katibu wa parokia, ama yule mama wa kikundi cha akina mama ambaye hakuna kitu kinapita bila yeye. Mpe salamu zake kwanza, halafu muulize swali moja tu: "Ile miti tulipanda mwaka jana, iko hai mingapi?"

Akikujibu kwa namba, kanisa lako liko sawa, chukua ndoo ujiunge. Akinyamaza, basi umepata kazi. Mvua inakuja Novemba, na mashimo hayajichimbi.